Nilikuwa na kila kitu, na hakuna kilichofanya kazi: uzi wa kuiandaa nyumba kiangazi, mvua na baridi

#1 Kandili (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi utakuwa mrefu, asiye na muda aweke alama arudi baadaye.

Mimi ni mtu wa akiba. Ukija kwangu utakuta pipa la lita 200, gunia la mahindi, tochi mbili, jiko la mkaa la ziada na boksi la dawa. Majirani wananitania kwamba nasubiri kiama. Msimu wa mvua uliopita ukaja upepo wa usiku, nguzo ya umeme ikalala, daraja likakatika, maji ya bomba nayo yakafuata. Siku tatu na nusu. Moyoni nikasema leo ndiyo leo, wacha wanione.

Tochi ya kwanza, nafungua nakuta betri zimevuja, unga mweupe umekula springi zote. Ya pili sikuiona kabisa. Ilikuja kupatikana wiki iliyofuata ndani ya begi la shule la mtoto. Pipa nafunua mfuniko, viluwiluwi wa mbu wanapanda na kushuka kama wako harusini. Boksi la dawa: mirija ya dawa ya vidonda imekauka kama gundi, vidonge vimepitisha tarehe.

Kilichoniuma zaidi ni gunia. Nilifungua kamba nikaingiza mkono mpaka kiwiko. Juu palikuwa pakavu na pa baridi. Kadiri mkono ulivyoshuka ndivyo joto lilivyopanda, hadi vidole vikafika mahali pana joto kama tumbo la kuku anayeatamia. Nilipoutoa ulikuwa mweupe kwa unga, na fukusi watatu wanapanda mkono wa shati. Halafu ile harufu, kama nguo iliyosahaulika kwenye beseni.

Kwa hiyo vitu nilikuwa navyo. Nilichokosa ni siku ya kuvigusa. Pipa linasafishwa kabla ya mvua, gunia linakaguliwa kabla halijafungwa, tochi inawashwa umeme ukiwepo. Sasa hivi ni kiangazi, mvua ziko mbali, ndiyo maana nauleta uzi sasa. Wenye ujuzi wao shusheni nondo: maji, chakula, mwanga, bustani, dawa. Ila naomba tuongee vitu ambavyo mtu amevifanya kwa mikono yake.

#2 MbishiHalali

Kuku anayeatamia 😂 Mkuu umeniua. Nimekaa siti ya mbele. Mimi akiba yangu ni jirani kama wewe.

#3 BatiMoja

Nianze na paa maana ndiyo kazi yangu. Watu wengi wana kisima kizuri juu ya vichwa vyao na hawajui.

Hesabu ni nyepesi. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba inatoa lita 1. Nyumba ya mita 8 kwa 5 ni mita za mraba 40. Ikinyesha milimita 10, mvua ya kawaida tu, hizo ni lita 400. Toa yanayoruka, yanayonyonywa na yanayovuja, hesabu 8 katika kila 10, unabaki na lita 320. Pipa la mleta uzi limejaa na kumwagika kwa mvua moja. Angalizo: pima eneo ambalo paa linafunika chini, usipime urefu wa bati lenyewe kwa mteremko, utajidanganya.

Kazi za kiangazi kwenye paa ni hizi. Panda ufagie majani na vinyesi vya ndege. Kagua raba za misumari, jua linazipasua na msumari unaanza kucheza. Gata (mfereji wa kukinga maji ukingoni mwa paa) iwe na mteremko wa kama sentimita 1 kwa kila mita moja au mbili. Kuujua mteremko huhitaji kifaa, mwaga ndoo moja ya maji upande wa juu kisha kaa utazame. Mahali maji yanaposimama ndipo gata itakapooza, na ndipo mbu watakapozalia.

Maji ya kwanza ya msimu usiyaingize tankini. Ni mchuzi wa vumbi na kinyesi. Mimi natundika bomba la wima kabla ya tanki, limezibwa chini kwa mfuniko wa kufungua. Maji machafu yanajaza bomba hilo kwanza, likishajaa ndipo maji safi yanapita juu kwenda tankini. Kwa paa la mita 40 za mraba naacha lita 20 hadi 40 zipotee. Usimwonee huruma tone la kwanza.

#4 Kandili

Mkuu BatiMoja, na wale viluwiluwi?

#5 BatiMoja

Wavu mdogo wa dirisha, tabaka mbili, kwenye kila tundu la kuingiza na la kufurikia. Yai la mbu kwenye joto linakuwa mbu anayeruka kwa muda wa kama wiki moja. Kwa hiyo chombo kisicho na mfuniko wa maana (ndoo, sahani ya chini ya maua, tairi bovu nyuma ya nyumba) kimwagwe na kusuguliwa kila wiki. Kusugua muhimu, mayai ya mbu wengine yanang'ang'ania ukutani mwa chombo na yanavumilia ukavu.

#6 NimepangaChumba

Wenye nyumba mnaongea raha tu. Sisi wa chumba kimoja hatuna bati wala gata, tufanyeje?

#7 Kandili

Wewe ndiye rahisi kuliko wote. Mtu mmoja anahitaji kama lita 4 kwa siku za kunywa na mapishi madogo. Mko wangapi?

#8 NimepangaChumba

Wanne na mtoto wa jirani anayekuja kula.

#9 Kandili

Haha, tumhesabu naye. Watano mara lita 4 mara siku 3 ni lita 60. Madumu matatu ya lita 20, yanaenea chini ya kitanda. Yasiwe yaliyowahi kubeba mafuta ya taa au dawa ya mimea, harufu hiyo haitoki hata uoshe mwaka mzima. Kila Jumamosi tumia dumu moja kufulia, lijaze upya, lirudishe nyuma ya mstari. Kila dumu linafikiwa ndani ya wiki tatu na hutakuta maji yaliyolala. Hayo ni ya kubaki hai na kupika. Kuoga, kufua na kusafisha choo vinataka zaidi. Wanaohudumia watu kwenye majanga huhesabu lita 15 kwa mtu kwa siku.

#10 ZamuYaUsiku

Mimi ni muuguzi, nimepita kimya kimya ila hapa nimeshindwa. Maji mengi siyo maji salama.

Kuchemsha: mpaka yatokote kwa nguvu dakika 1 nzima. Ukiwa sehemu za juu kupita mita 2,000, fanya dakika 3, kwa sababu huko maji yanachemka kabla ya kufika joto 100. Moshi kutoka kwenye sufuria siyo kuchemka.

Ukikosa kuni kuna blichi, ile dawa ya maji ya kufulia nguo nyeupe, ISIYO na manukato na iliyoandikwa asilimia 5 hadi 6. Matone 2 kwa lita 1, koroga, subiri dakika 30. Ndoo ya lita 20 ni matone 40, kama mililita 2, haifiki hata nusu ya kijiko cha chai. Maji yakiwa na tope yachuje kwa kitambaa kizito kwanza, kisha mara mbili ya dawa. Chupa ya blichi iliyokaa zaidi ya mwaka usiiamini, nguvu yake inapungua ikiwa imefungwa vilevile. Na usiichanganye kamwe na dawa nyingine ya kusafishia, hewa inayotoka inaunguza mapafu.

Kiangazi kina dawa ya bure: jua. Chupa ya plastiki inayoonyesha, isiyozidi lita 2, maji maangavu, ilaze juu ya bati saa 6 za jua kali. Kukiwa na mawingu mengi, siku 2 mfululizo. Ukiweka chupa juu ya maandishi ukashindwa kuyasoma kupitia maji, basi yachuje kwanza. Jua linaua vijidudu tu, sumu ya kemikali inabaki ilivyo.

#11 MbishiHalali

Mimi bibi yangu alikunywa maji ya mtoni na kafika miaka 90.

#12 ZamuYaUsiku

Na ndugu zake wangapi hawakufika miaka 5? Muulize.

#13 MbishiHalali

... Haya dada, nimenyamaza.

#14 ZamuYaUsiku

Usinyamaze, andika hii. Mtu akiharisha na hakuna pakiti ya ORS (unga wa kuchanganya na maji kwa anayeharisha) ndani: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, NUSU kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko vya kufuta kwa kisu, siyo vya mlima. Chumvi ikizidi unamdhuru mtoto, kwa hiyo kama huna uhakika punguza chumvi, usiongeze. Mpe kidogo kidogo, kijiko kwa kijiko, akitapika subiri dakika 10 uendelee. Yaliyobaki baada ya saa 24 mwaga. Mtoto aliyelegea, macho yameingia ndani au haja yake ina damu, huyo siyo wa nyumbani tena, mkimbizeni hospitali.

Boksi la dawa: juu ya mfuniko nimebandika karatasi yenye jina la dawa na tarehe ya mwisho, iliyo karibu iko juu. Siku ya kubadili karatasi ni siku mvua ya kwanza inaponyesha. Rahisi kukumbuka.

#15 MamaGhala

Nimesoma post ya kwanza nikasikitika. Mwanangu Kandili, gunia lako halikuharibiwa na fukusi. Ulilifunga likiwa bichi. Unyevu huleta joto, joto huleta wadudu na ukungu. Fukusi alikuja kwenye sherehe uliyoiandaa mwenyewe.

Kujua nafaka imekauka, acha kung'ata kwa meno. Meno ya kila mtu na imani yake. Chukua chupa ya kioo kavu yenye mfuniko. Chumvi iikaushe juani au kwenye kikaango mpaka imwagike kama mchanga. Weka vijiko vitatu vinne, ongeza nafaka mpaka theluthi ya chupa, funga, tikisa dakika nzima. Iache itulie robo saa. Sasa itazame kwenye mwanga. Chumvi ikiwa imeganda ukutani mwa chupa, nafaka ina unyevu zaidi ya asilimia 15, irudishe juani. Ikianguka yote chini na kioo kikabaki safi, iko chini ya 15. Usishangilie bado. Ghala linataka 13 kushuka chini, kwa hiyo mimi huongeza siku mbili za jua kali hata chupa ikiwa safi.

Na anika juu ya turubai. Ukungu unaotoa sumukuvu unaishi ardhini, ukimwaga mahindi kwenye udongo umeyapeleka nyumbani kwake. Sumukuvu huioni, huinusi, na kupika hakuimalizi. Punje zilizobadilika rangi, zilizosinyaa na zilizovunjika zichambue uzitupe. Usiseme "hizi nitampa ng'ombe", sumu hiyo inapita kwenye maziwa inakurudia mezani.

#16 Kandili

Mama shikamoo. Kwa hiyo lile gunia...

#17 MamaGhala

Marahaba. Natumaini ulilitupa.

#18 Kandili

Nilitupa nusu. Nusu nyingine tulikula 😔

#19 MamaGhala

Yamepita. Msimu huu nunua mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye plastiki ngumu ndani ya gunia la kawaida. Jaza nafaka kavu, kandamiza hewa itoke, sokota mdomo wa kila plastiki peke yake, kunja, funga kwa kamba ya mpira. Wadudu waliomo watavuta oksijeni iliyobaki mpaka iwaishie, wafe wenyewe bila dawa. Ila usifungue fungue kuchungulia, kila ukifungua unawaletea pumzi. Mfuko wa kula wiki hii uwe mbali na mfuko wa akiba. Weka juu ya chaga, usiegemeze ukutani, na panya uwashughulikie kabla, tundu moja la panya limeharibu kila kitu.

#20 MbishiHalali

Mama na majivu je? Kwetu tunatia majivu na pilipili.

#21 MamaGhala

Majivu nayaheshimu. Yakichekechwa, yakiwa makavu, na yakiwa MENGI mpaka yamejaza nafasi kati ya punje, mdudu hapati pa kupita na ngozi yake inakwaruzika anakauka. Kiganja kimoja kwa gunia zima ni kujifariji. Pilipili inakutoa wewe machozi kuliko fukusi.

Kwa maharage nakupa siri nyingine isiyo na gharama. Mtoto wa mdudu wa maharage akianguliwa anahitaji muda mrefu kutoboa punje, na anatoboa akiwa amejibana kati ya punje mbili. Weka maharage kwenye ndoo yenye mfuniko au gunia, yafike nusu tu, kisha biringisha asubuhi, mchana na jioni. Kila anapoanza tundu unamhamisha. Anakufa kwa uchovu. Wajukuu wangu wanaona ni mchezo, kazi inafanyika.

#22 Chepe

Huo wa kubiringisha sikuujua, naenda kuujaribu leo leo.

Mimi wa bustani. Watu wanaweka akiba ya chakula wanasahau akiba ya mbegu. Kila unapopunguza unyevu wa mbegu kwa asilimia 1, au joto la mahali zilipo kwa nyuzi 5, umri wake unakuwa kama mara mbili. Kwa hiyo mbegu kavu kwenye chupa iliyofungwa, mahali pa baridi na giza. Juu ya kabati karibu na bati ni mahali pabaya kuliko pote ndani ya nyumba, na ndipo wengi tunapoweka. Kitunguu usikitegemee kupita mwaka mmoja au miwili, nyanya inavumilia miaka minne na zaidi.

Kabla ya mvua jaribu: mbegu 10 kwenye kitambaa kibichi, kunja, tia ndani ya mfuko wa plastiki, weka penye joto kiasi. Zikiota 8 panda kama kawaida. Zikiota 5 panda mara mbili. Zikiota 2 wape kuku. Na kama mbegu ni chotara ya F1, usihangaike kuhifadhi watoto wake, watatoka kila mmoja na sura yake.

Mbolea ya mboji ianze kiangazi: makavu kama mara mbili tatu ya mabichi, unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa. Ukichomeka fimbo katikati, ikitoka ya moto, inaiva. Huko joto ni zuri, kwenye gunia la Kandili ndiyo balaa.

#23 NimepangaChumba

Kandili amepigwa na kila mtu humu 😂

#24 Kandili

Nimezoea. Nitarudi mvua zikianza na ripoti.

[Uzi ulikaa kimya karibu miezi miwili]

#25 Kandili

Nafufua uzi. Mvua zimeanza.

Wiki moja kabla, Ijumaa saa 1 jioni, bila kumwambia mtu, nilizima swichi kuu na koki ya maji. Nikatangaza: mpaka kesho asubuhi, hivi hivi. Mke wangu alinitazama vile mnavyojua.

Matokeo. Tochi ilipatikana kwa dakika moja, inaning'inia msumarini nyuma ya mlango, betri zake zimefungwa pembeni kwenye mfuko. Nusu ya kiberiti haikuwaka, kilikuwa kimenyonya unyevu jikoni, sasa kiko kwenye chupa ya kioo. Maji yalikuwepo ila koki ya tanki imekaza, mimi tu ndiye niliyeweza kuifungua. Fikirini nisingekuwepo. Kesho yake fundi akaibadilisha. Redio ndogo ilifanya kazi. Simu ya mke ilikuwa na asilimia 9, yangu 14, na ile betri ya kuchajia ilikuwa... tupu. Hilo ndilo tulilokosa kabisa.

Jokofu: hatukulifungua. Likifungwa chakula kinabaki baridi kama saa 4. Friza iliyojaa inavumilia kama saa 48, iliyo nusu kama 24. Kwa hiyo nafasi tupu nimezijaza chupa za maji, zikiganda ni barafu yangu na baadaye ni maji ya kunywa.

Gata ya BatiMoja ilikamata lita 200 usiku wa kwanza wa mvua. Kiungo kimoja kilianguka, kikaniloweka mimi na ngazi.

#26 BatiMoja

Ngazi mvuani umepanda ya nini? Kaza hiyo kitu jua likitoka. Na ukiona mwanga wa radi hesabu sekunde mpaka ngurumo: kila 3 ni kama kilomita 1. Ukihesabu chini ya 30 ingia ndani, kaa mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Chini ya mti siyo ndani.

#27 ZamuYaUsiku

Na maji ya mafuriko yakifika vifundoni, sentimita 15 tu lakini yanakimbia, yanamwangusha mtu mzima. Usivuke kwa sababu jana ulivuka. Hati zenu (vyeti, kadi za kliniki, hati za kiwanja) ziwe kwenye mfuko wa plastiki mahali pa juu, na picha zake kwa ndugu anayekaa mbali.

#28 MbishiHalali

Naomba kukiri jambo. Baridi imeingia huku kwangu, na juzi usiku niliingiza jiko la mkaa chumbani. Dirisha niliacha wazi kidogo. Asubuhi wote watatu kichwa kinauma, mtoto anatapika, miguu kama siyo yangu. Tukajua homa. Tulipokaa nje kwa mwenye nyumba saa moja hivi kikaisha. Ile ni kweli au ni hofu yangu?

#29 ZamuYaUsiku

Ni kweli, na mmepona kwa bahati. Hewa ile inaitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, kwa hiyo mkaa uliowaka vizuri bila moshi ndio unaowadanganya watu. Inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Dalili ni hizo hizo ulizozitaja, na zikiwapata watu wote wa nyumba kwa wakati mmoja, usifikirie homa, fikiria jiko. Dirisha la wazi kidogo halitoshi. Toka nje wote, kisha hospitali, na useme wazi kwamba mlilala na mkaa. Mpeleke mtoto leo hata kama anacheza.

Jenereta ni hivyo hivyo: nje, mita 6 au zaidi kutoka dirishani na mlangoni, bomba la moshi limetazama upande mwingine. Kibarazani siyo nje.

#30 MbishiHalali

Tumetoka hospitali. Wamempima, yuko sawa. Asante dada. Jiko limerudi uani.

#31 MamaGhala

Mungu ni mwema. Sasa baridi mfanye hivi: laleni wote chumba kimoja, chini ya godoro tandikeni maboksi au mkeka mnene, baridi nyingi inatoka chini na watu wanarundika mablanketi juu. Chupa ya maji ya moto, funika vizuri, izungushie kitambaa, iweke miguuni nusu saa kabla ya kulala.

Mkaa huo huo uokoe kwenye kupika. Chukua kapu au boksi kubwa, lisheheneze matambara na blanketi chakavu, ukiacha shimo la sufuria katikati. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha, mwaga yale maji, tia mengine, yachemke kweli kweli dakika 15, funika, tumbukiza kapuni, ziba juu kwa mto. Yaache saa nne tano bila kufunua. Ukiyatoa chemsha tena kabla ya kula. Ule mchemko wa mwanzo usiuruke: maharage mekundu yasiyochemka angalau dakika 10 yana kitu kinachotapisha vibaya, na joto la kapuni peke yake halikiondoi.

#32 Chepe

Nimejaribu kapu. Mara ya kwanza yalibaki magumu, nilijaza sufuria nusu. Sufuria ijae, hewa tupu inakula joto. Mara ya pili yaliiva mpaka yakapasuka.

#33 NimepangaChumba

Ripoti ya chumba kimoja: madumu matatu yako chini ya kitanda, yanazunguka kila Jumamosi. Bomba la mtaa lilikatika siku mbili. Mwenye nyumba amekuja kugonga anauliza kama nauza maji.

#34 MbishiHalali

Umemjibu nini?

#35 NimepangaChumba

Nimempa ndoo moja. Kodi ya mwezi huu nitachelewesha kidogo 😂

#36 MamaGhala

Kandili, na wewe gunia?

#37 Kandili

Mama, mfuko wa akiba ulitimiza miezi minne jana na wa kula ulikuwa umeisha, nikaufungua. Nimeingiza mkono mpaka kiwiko. Baridi juu, baridi katikati, baridi mpaka chini kabisa. Fukusi niliowakuta ni wawili, wakavu, wamekufa miguu juu.

Betri ya kuchajia simu nimeijaza. Tochi, nikiri tu, leo asubuhi haikuwepo msumarini. Natafuta begi la shule.